Alizeti, pamba, mbata au soya: mashudu yapi kwa ng'ombe wako wa maziwa?

Kiangazi cha mwaka juzi niliwalisha ng'ombe wangu wawili mashudu ya alizeti (makapi yanayobaki mbegu zikikamuliwa mafuta) kilo 4 kwa siku kila mmoja. Niliyapata kwa bei nzuri kwenye mashine ndogo ya kukamua mafuta, bado yana joto, yananukia vizuri, ukiyafumbata kiganja kinabaki kinang'aa mafuta. Majani yalikuwa yamekwisha, nimebaki na mabua ya mahindi tu. Lita hazikushuka, chotara mmoja wa Friesian hata aliongeza kidogo. Nikaona nimepatia.

Wiki ya tatu akaja bibi mmoja anayechukua samli kwangu kila mwezi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mbona samli ya safari hii maji matupu? Na chupa umeipunguza."

Sikuwa nimechanganya kitu. Maziwa yenyewe ndiyo yalikuwa yamebadilika. Ndoo ileile ambayo krimu yake ilikuwa ikifika vidole viwili, sasa ilitoa kidole kimoja na nusu kwa shida, na siagi yake haikushikana mpaka kibuyu kitikiswe muda mrefu. Chanzo kilikuwa mafuta ya alizeti yaliyobaki kwenye mashudu. Tangu siku ile sinunui mashudu kwa kuuliza bei ya gunia peke yake, na ndiyo sababu nimekaa kuandika ulinganisho huu kwa mfugaji mwenzangu anayesimama dukani hajui achukue gunia lipi.

Maziwa yako yanakwenda wapi?

Anzia hapo kabla ya kitu kingine. Anayepeleka kituo cha kukusanyia na kulipwa kwa lita anatafuta ujazo, na mradi maziwa yanapita vipimo hana haja ya kuhangaika sana na krimu. Anayetengeneza mtindi, siagi au samli anauza mafuta na protini, hivyo lita 10 zenye mafuta asilimia 3 si sawa na lita 10 zenye asilimia 4.5. Anayeuza nyumba kwa nyumba yuko katikati: wateja wake huchemsha maziwa na kuangalia utando wa juu, na utando ukiwa mwepesi watasema umetia maji hata kama hujatia tone.

Na laktomita haitakutetea wala kukuonya. Ile hupima uzito wa maziwa, na mafuta ni mepesi kuliko maji. Kwa hiyo maziwa yaliyopungua mafuta huonekana mazito kidogo zaidi, yanapita vizuri tu. Ukitaka kujua hali ya krimu bila maabara, jaza chupa nyembamba iliyonyooka, iweke kwenye friji usiku kucha, asubuhi upime utando kwa rula. Fanya hivyo kila wiki kwa chupa ileile. Hutapata asilimia kamili, lakini utaona inapanda au inashuka.

Kwa haraka, upande kwa upande

Viwango hivi hubadilika kwa mbegu, kwa mashine na kwa kiasi cha maganda, lakini ndipo mengi ya mashudu yetu huangukia:

| Mashudu | Protini | Mafuta yaliyobaki | Nyuzinyuzi | Yanavyogusa maziwa |
|---|---|---|---|---|
| Alizeti yenye maganda | 20–28% | 8–15% mashine ndogo, 1–3% kiwanda kinachotoa mafuta kwa kemikali | 25–32% | Lita nzuri. Krimu hushuka ukizidisha. Siagi laini |
| Pamba yenye maganda | 23–28% | 5–8% | 20–25% | Krimu haiyumbi kirahisi. Siagi ngumu |
| Nazi (mbata) | 19–22% | 6–12% | 10–14% | Krimu hubaki au hupanda kidogo. Siagi ngumu |
| Soya | 44–48% | 1–2% kiwandani | 4–7% | Lita na protini. Krimu haiguswi sana |

Alizeti: rahisi kupatikana, rahisi kukosea

Haya ndiyo mashudu ya wengi wetu. Alizeti inalimwa Singida, Dodoma, Manyara na kwingineko, mashine za kukamua zimejaa hadi vijijini, na malori yanayoshuka pwani hubeba mashudu mwaka mzima. Ng'ombe huyapenda. Protini yake huvunjwa upesi kwenye tumbo kubwa la kucheulia, kwa hiyo huwapa chakula wale vijidudu wanaomeng'enya mabua na majani. Ng'ombe aliyekuwa anakula mabua matupu, ukimpa kilo moja tu ya mashudu haya utaona anakula mabua mengi zaidi, kwa sababu tumbo lake sasa linafanya kazi.

Ubaya wake ni mambo mawili: maganda na mafuta.

Maganda ni mzigo. Gunia lenye maganda mengi ni kubwa na linavutia kwa bei, lakini robo hadi theluthi ya unachobeba ni nyuzinyuzi ngumu ambazo ng'ombe hupata kidogo sana ndani yake. Mimina konzi moja kwenye bakuli la maji, ukoroge, uache dakika chache. Maganda matupu huelea, mchanga hukaa chini. Nimewahi kununua gunia ambalo bakuli lake lilibaki na mchanga wa kujaza kijiko cha chai. Mchanga hauna protini, nao ulipimwa pamoja na mashudu kwenye mizani.

Mafuta ndiyo yaliyoniponza mimi. Mashine ndogo haziwezi kutoa mafuta yote, na yanayobaki ni ya aina isiyoganda. Mafuta hayo yakifika tumboni kwa wingi huwafunika na kuwadhuru vijidudu wanaomeng'enya nyuzinyuzi, na hao ndio wanaotoa malighafi ambayo kiwele hutumia kutengeneza krimu. Halafu kuna la pili: vijidudu hujitahidi kuyageuza mafuta hayo yawe ya kuganda ili yasiwadhuru. Yakiwa mengi kuliko uwezo wao, kazi inabaki nusu, na kile kilichogeuzwa nusunusu hupita hadi kwenye kiwele na kupunguza utengenezaji wa mafuta kulekule. Lita zinaweza kubaki palepale, protini ya maziwa ikabaki karibu palepale, krimu peke yake ikaporomoka. Ndiyo maana mfugaji anayehesabu lita tu hawezi kugundua.

Kanuni inayotumika ni kwamba mafuta yote katika mlo wa siku yasizidi asilimia 6 hadi 7 ya chakula kikavu. Ng'ombe wa kilo 400 hula kama kilo 11 au 12 za chakula kikavu kwa siku, na majani na pumba humpa kama gramu 250 za mafuta. Mimi nilikuwa natoa kilo 4 za mashudu yenye mafuta labda asilimia 15: hapo pana gramu 600 nyingine. Jumla gramu 850, zaidi ya asilimia 7. Ningetoa kilo moja na nusu, ningekuwa salama kabisa.

Kujua kama mashudu yana mafuta mengi, saga kipande, kiweke ndani ya karatasi ya kaki, kikandamize kwa jiwe usiku mmoja. Doa likienea pana, usivuke kilo moja na nusu hadi mbili kwa siku. Karatasi ikibaki karibu kavu, kilo tatu haziniogopeshi. Na mashudu yenye mafuta mengi huchacha upesi kwenye joto letu. Yakianza kunuka kama mafuta ya kukaangia yaliyotumika sana, ng'ombe huyasusa, na akiyala harufu inaweza kuingia kwenye maziwa.

Kulirekebisha kosa langu hakukuwa kugumu. Nilishusha hadi kilo moja na nusu, nikaongeza majani ya tembo niliyokata kwa jirani bondeni, nikaweka chokaa ya mifugo kwenye pumba kwa sababu kalisi (kalsiamu) iliyomo ndani yake hushikana na sehemu ya mafuta tumboni na kupunguza makali yake. Wiki ya pili krimu ilianza kupanda, ya tatu ilikuwa imerudi.

Pamba: ya ng'ombe mkubwa tu

Ukiwa Simiyu, Shinyanga, Mwanza au Geita, mashudu ya pamba ndiyo yako mlangoni, na sioni sababu ya kuagiza alizeti. Kwetu huku Tanga yanafika yakiwa yamebeba nauli ya safari ndefu.

Kwa krimu, pamba ni mtulivu zaidi ya alizeti. Mafuta yake hayazidi sana, na ndani yake kuna asidi chache za mafuta zinazouzuia mwili wa ng'ombe kulainisha mafuta ya maziwa, ndiyo maana wanaotengeneza siagi wamejua tangu zamani kwamba ng'ombe wa mashudu ya pamba hutoa siagi ngumu. Kwa samli ya joto la pwani hilo ni jambo jema. Wafugaji wa Kanda ya Ziwa wanaolisha mbegu nzima ya pamba wanajua pia kwamba nyuzi zake humfanya ng'ombe acheue, na kucheua hulinda krimu. Ila mbegu nzima ina mafuta karibu asilimia 20, kwa hiyo kilo mbili hadi tatu ziwe mwisho.

Tatizo la pamba linaitwa gosipoli, sumu ya asili ya mmea wenyewe. Ng'ombe mkubwa mwenye tumbo la kucheulia lililokomaa huishughulikia: gosipoli hushikana na protini tumboni na nyingi haiingii mwilini. Ndama hana ulinzi huo. Ndama wa chini ya miezi minne asiguse kabisa mashudu ya pamba, hata mabaki ya horini kwa mama yake. Dume la mbegu nalo lisilishwe pamba kwa wingi, kwa sababu gosipoli huharibu mbegu za kiume. Joto la mashine ya kukamua hupunguza gosipoli iliyo huru, jambo ambalo ni faida, ingawa joto hilohilo huharibu sehemu ya protini.

Kwa hiyo kama banda lako lina hori moja la pamoja, ndama na mama, pamba haikufai mpaka uwatenganishe.

Mbata: mali ya pwani isiyothaminiwa

Nasema wazi kwamba nina upendeleo hapa. Kuanzia Pangani hadi Muheza, na ng'ambo Unguja na Pemba, tunakausha nazi, tunakamua mafuta, halafu mashudu yake tunayatupia kuku. Protini yake ni ndogo kidogo kuliko ya alizeti nzuri, lakini maganda hayapo, kwa hiyo kinachoingia mdomoni kinameng'enywa. Mafuta yake ni ya kuganda na hayana lile tatizo la kugeuzwa nusunusu. Siagi inayotoka ni imara. Nilipochanganya kilo moja ya mashudu ya nazi na moja ya alizeti, samli yangu ilianza kuganda punje punje kama inavyotakiwa.

Usizidishe hata hivyo. Mafuta ya nazi nayo, yakiwa mengi, huua baadhi ya vijidudu wa tumboni na kumkata ng'ombe hamu ya kula. Kilo mbili kwa siku ndiyo mwisho wangu. Hufyonza maji sana. Nayaloweka kidogo kabla ya kuyachanganya na pumba ili yasije yakavimbia tumboni kwa ng'ombe mwenye pupa, na pia hayapeperuki vumbi.

Chicha, ile ya jikoni baada ya kukamua tui, ni kitu kingine. Ni mbichi, imejaa maji, na kwenye joto la mchana huchacha kabla ya jua kuzama. Ukiipata kwa mama lishe, ilishwe asubuhi hiyohiyo au ianikwe juani ikauke kabisa. Usiifungie kwenye kiroba.

Na mbata iliyokaushwa vibaya, kwa moshi mdogo au wakati wa mvua, huota kuvu. Hilo nitalirudia.

Soya, karanga na ufuta

Soya ni bora kuliko zote kwa protini na kwa ubora wa protini hiyo. Ng'ombe anayetoa lita 20 na zaidi ni vigumu kumtosheleza kwa alizeti tupu, tumbo lake litajaa maganda kabla mahitaji hayajatimia. Huyo mpe soya. Ng'ombe wa lita 7 au 8 akipewa soya kwa wingi, protini inayozidi inatoka kwenye mkojo, nayo umeinunua kwa bei ya chakula cha kuku wa mayai. Kumbuka pia: soya mbichi isichanganywe na yurea inayotiwa kwenye chakula cha mifugo. Ndani yake kuna kimeng'enya kinachoigeuza yurea kuwa amonia upesi, na amonia nyingi humuua ng'ombe.

Ufuta ni mzuri, haupatikani kwa wingi. Mashudu ya karanga yana protini kubwa, asilimia 40 na zaidi, lakini mimi siyanunui kwa sababu ya sumukuvu, nitakayoieleza hapo chini.

Hesabu ya bei

Usilinganishe magunia, linganisha kilo ya protini. Gawa bei ya kilo kwa sehemu ya protini. Kwa mfano wa hesabu tu, tuseme alizeti ni shilingi 600 kwa kilo na ina protini asilimia 22: 600 gawa kwa 0.22 ni kama shilingi 2,730. Soya tuseme ni 1,800 na asilimia 45: ni shilingi 4,000. Nazi tuseme ni 500 na asilimia 20: 2,500. Weka bei za kwenu, matokeo yatageuka. Bei ya alizeti na pamba huruka pia wanunuzi kutoka Kenya wanapoingia sokoni kwa nguvu, kwa hiyo hesabu ya mwezi wa sita si ya mwezi wa kumi na moja.

Kisha jiulize inakupa lita ngapi. Lita moja ya maziwa yenye mafuta asilimia 4 inahitaji karibu gramu 90 za protini ghafi kwenye chakula. Kilo ya alizeti ya asilimia 22 inabeba protini ya lita mbili na nusu hivi. Kilo ya soya, ya lita tano. Lakini hizo lita zitatoka tu kama nishati ipo, yaani pumba na majani ya kutosha. Mashudu juu ya njaa hayatoi maziwa.

Sumukuvu

Hapa ndipo ninapoacha kulinganisha bei. Sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka na mbegu zilizohifadhiwa na unyevu, imeua watu katika eneo letu: mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Karanga ndizo hatari zaidi, pamba na mbata zinafuata, alizeti nayo haijasalimika.

Ng'ombe akila mashudu yenye sumukuvu, sehemu yake, kama asilimia 1 hadi 6, hutoka kwenye maziwa ikiwa imebadilika umbo kidogo. Inaanza kuonekana ndani ya siku moja. Kuchemsha hakuiondoi, na ukigandisha mtindi itabaki mlemle. Anayekunywa maziwa mengi kuliko wote nyumbani ni mtoto. Kiwango cha kimataifa cha Codex ni mikrogramu 0.5 kwa kilo ya maziwa, na Ulaya wanakataa yanayozidi 0.05.

Sumu yenyewe haionekani wala hainuki. Kinachoonekana ni mazingira yake: mabonge yaliyoshikana, rangi ya kijani au ya manjano, vumbi linalokupalia, gunia lililo na joto katikati ukitia mkono. Nikiona kimojawapo, gunia hilo halilishwi ng'ombe anayekamuliwa, na silichanganyi na zuri ili liishe. Ukigundua umeshalisha, acha mara moja. Maziwa husafika ndani ya siku tatu hadi nne, na katika siku hizo mimi ningemwaga.

Hifadhi mashudu juu ya chaga, mbali na ukuta, usinunue ya kulisha zaidi ya mwezi mmoja wakati wa masika.

Ningechagua nini

Unalipwa kwa lita, ng'ombe wako ni wa lita 6 hadi 12: alizeti, kilo moja na nusu hadi mbili, iliyokauka mafuta kadiri utakavyoipata. Unauza samli, siagi au mtindi mzito: nazi kama uko pwani, pamba kama uko Kanda ya Ziwa, alizeti iwe nyongeza. Una ng'ombe wa lita 20: tia soya, japo nusu kilo hadi kilo moja, juu ya mashudu ya kawaida. Una ndama bandani na huna pa kuwatenga: sahau pamba.

Mchanganyiko wangu wa sasa, kwa kilo 100, ni pumba za mahindi 55, alizeti 28, nazi 14, madini 2 yenye chokaa ya kutosha kwa sababu mashudu yote yana fosforasi nyingi na kalisi kidogo, na chumvi 1. Protini inakaribia asilimia 15. Ukiwa na pamba badala ya nazi, weka vivyohivyo. Ukibadilisha kutoka mashudu ya aina moja kwenda nyingine, anza na robo kilo, ongeza polepole kwa siku kumi, na upime krimu kwenye chupa ileile kabla hujaanza, siku ya kumi, na wiki ya tatu.